Mwaka Niliopima Mafuta Buswelu

Simu ilipigwa na fundi Masalu mwenyewe, nikiwa nasimamia mtihani, na kwa kuwa Masalu si mtu wa kupiga simu ovyo nilitoka nje ya ukumbi nikawaacha wanafunzi waibiane majibu wapendavyo. Hakuzunguka. "Ade," alisema, "Daktari hatunaye. Jana alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka." Kesho yake nilikuwa Mwanza, Kiseke, nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, katika ua ambao zamani niliufagia kila Jumamosi. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mtoto wake wa kwanza. Shule alizosoma zikatajwa moja baada ya nyingine, baraza la wazee wa kanisa likatajwa, kwaya ikatajwa, hata migomba aliyopanda nyuma ya nyumba ikatajwa, kwamba ilizaa vizuri kuliko ya Bukoba, watu wakacheka kidogo na machozi yao. Mimi nilikuwa nasubiri wataje mafuta. Mtu amehangaika na mafuta ya transfoma miaka, ameyaota, ameyaandikia barua nchi za watu, jamani, lazima yatajwe! Hayakutajwa. Msomaji akakunja karatasi, kwaya ikaanza, na mimi nikainamisha kichwa kwa sababu najua kwa nini hayakutajwa. Aliyeyafuta katika wasifu ule ni mimi, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na sita, na mpaka leo sijawahi kukaa chini nikaeleza nilivyoyafuta.

Nilikotoka kabla ya hapo tupaache, hakuna anayehitaji kujua nilikula nini utotoni. Nilifika Mwanza na sanduku moja na barua ya chuo iliyosema nifanye utafiti wangu wa shahada ya pili chini ya Daktari, na pa kulala sina. Daktari aliisoma ile barua akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Haya binti, ingia, chumba kipo," na ndivyo nilivyoingia katika nyumba ile kwa mwaka mzima. Chumba kilikuwa kando ya jiko. Zamani kilikuwa stoo, na harufu ya kahawa mbichi na magunia haikuwahi kutoka. Ukifungua mlango uligonga kitanda. Dirisha lilikuwa na nondo na lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa. Geti lilitiwa kufuli saa kumi na mbili jioni na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga ya Mama, mke wa Daktari. Hakuna aliyenifungia kwa ubaya, na shida yenyewe ndiyo hiyo. Ubaya ningeupa kisogo nikaenda zangu. Mimi nilifungiwa kwa ndizi zilizopikwa na nyama, kwa senene waliokaangwa wakawekwa kwenye kibakuli changu peke yangu, kwa maji ya kuoga yaliyopashwa kabla sijaamka. Nikimwambia Mama asijisumbue, alikuwa akisema kwa lafudhi yake ya Bukoba, "Waitu, mtoto wa watu, kula," na mimi nakula.

Nyumba ile ya Kilutheri ilikuwa na desturi yake mezani. Sala ya chakula ilisemwa na aliye mdogo kuliko wote waliopo, na kwa kuwa watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, mdogo nilikuwa mimi. Na anayesali hakatizwi. Hilo lilinishangaza, kwa sababu Daktari alimkatiza kila mtu, mchungaji, mkewe, mpaka mtangazaji wa redio. Hakuwa mkali. Alikuwa na furaha nyingi tu, na furaha yake ilikuwa na haraka, ukianza sentensi anakumalizia, tena anakumalizia vizuri kuliko ulivyotaka kusema. Lakini sala ikianza alifumba macho, akafumba na mdomo, akatulia mpaka Amina. Mwanzoni niliona ni jambo la kuchekesha, nikawa naongeza maneno mawili matatu ili nione atavumilia mpaka wapi. Alivumilia.

Kazi yetu ilikuwa Buswelu, katika chumba kimoja cha karakana ya kutengeneza transfoma. Ndani ya transfoma mna mafuta. Watu wengi hawalijui hilo mpaka siku wezi wanapoyaiba na kuyauza kwa wakaanga chipsi. Mafuta yale yanapoza, na zaidi ya hapo yanazuia umeme usiruke kwenda mahali usipotakiwa. Kuyapima ni kazi rahisi na ya kuchosha. Unamimina mafuta katika kikombe chenye vifundo viwili vya shaba vilivyoachana nafasi ndogo, unafunika, unapandisha umeme polepole, mpaka ghafla tap! Cheche inaruka, mshale unaanguka, unaandika namba. Unakoroga, unasubiri mapovu yaishe, unarudia. Mara sita kwa kila kikombe, ndipo unachukua wastani. Wazo la Daktari lilikuwa kwamba ukitia ndani ya mafuta chembe ndogo mno za sumaku, unga mweusi ambao hata hadubini ya shuleni haiuoni chembe kwa chembe, zile chembe zitaudaka umeme njiani kabla haujapata nguvu ya kuruka. Mafuta meupe yanageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na yanastahimili zaidi. Hilo wazo halikuwa la kichaa. Kuna watu wamelifanyia kazi duniani na wapo wanaoendelea.

Mwenye karakana kwetu alikuwa fundi Masalu, Msukuma wa Magu, mtu wa makamo wakati ule, mikono yake haitoki mafuta hata akienda harusini. Alinitania tangu siku ya kwanza. "Mmetuletea tena mwingine kutoka ng'ambo ya ziwa," alisema, "huyu naye ataongea Kiingereza na transfoma?" Nikamjibu kwamba transfoma angalau inasikia, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo tukawa ndugu. Alinifundisha kusafisha kikombe bila kukigusa ndani kwa kidole, kwa sababu jasho la kidole tu linatosha kuharibu namba zako za asubuhi nzima. Chakula cha mchana tulikula naye, michembe ya kwao, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukiwa tumekaa juu ya kasha la transfoma bovu. Ni hapo tu, juu ya lile kasha, nilikuwa naweza kuvuta pumzi.

Kwa miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaogopa. Mafuta meupe yaliruka cheche kwenye kilovolti thelathini na kitu. Yale meusi yalipanda hamsini, yakapita. Daktari alikuwa anasimama nyuma yangu, nikisoma namba anapiga kofi moja, pa! Akawaandikia wafadhili wa mradi. Ikakubaliwa kwamba transfoma moja ijazwe mafuta meusi na ifungwe kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Magu, wageni waje, ifanyike sherehe. Na mimi, kupitia ukuta wa jiko, nilikuwa nasikia yale ambayo hayakusemwa mezani. Jioni moja Daktari alikuwa anamsaidia Mama kumenya ndizi, nikasikia anasema, "Wananicheka, unajua? Kule chuoni wananiita daktari wa makaratasi." Mama akasema waache wacheke. "Nastaafu mwakani," akasema Daktari. "Sina kitu cha kuonyesha, mama watoto. Sasa ninacho. Na huyu mtoto ndiye kanitoa." Nilikuwa nimelala kitandani, viatu miguuni, nikitazama nondo za dirisha, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Wiki ileile nikaharibu. Siku hiyo umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nikataka kuwahi. Mafuta meusi yalikuwa na utaratibu wake mrefu: baada ya kuchanganya, unayapasha katika tanuri lenye pampu ya kunyonya hewa kwa saa kadhaa, ili mapovu yatoke. Meupe hayakuwa na utaratibu huo. Tulikuwa tunayachota kwenye pipa lake nje na kuyapima hivyohivyo, maana Daktari alisema, na maneno yake yalikuwa na akili, kwamba ndivyo mafundi wanavyoyatumia. Basi kwa haraka zangu nikayaweka yote mawili tanurini, meusi na meupe. Nilipoyatoa nikapima meupe kwanza. Thelathini ikapita. Arobaini ikapita. Nikadhani mashine imekufa. Hamsini ikapita ndipo cheche ikaruka. Nikakoroga, nikarudia, mara sita. Kisha nikapima meusi. Yalikuwa yaleyale. Yalilingana kama sahani mbili za seti moja.

Nilikaa. Mtu yeyote aliyefanya kazi na mafuta yale angenielewa: adui yake ni maji. Unyevu usioonekana kwa macho unatosha kuyalegeza. Chembe za sumaku hazikuwa zimefanya lolote la kusimuliwa. Tulichokuwa tumegundua, kwa miezi yote, ni kwamba mafuta makavu ni bora kuliko mafuta mabichi, jambo ambalo Masalu alikuwa analijua kabla sijazaliwa. Nikatoka nje kuliangalia lile pipa. Lilikuwa limesimama wima kando ya ukuta, bango la mradi limebandikwa tumboni, na juu ya mfuniko wake mvua ya asubuhi ilikuwa imetuama. Nikamwita Masalu nikamwonyesha. Alilitazama pipa, akanitazama mimi, akavua kofia.

"Pipa linalazwa," alisema. "Likisimama linakunywa. Mchana jua linalipiga, linatoa pumzi. Jioni linapoa, linavuta, na kama juu pana maji linavuta na maji."

"Ulijua?"

"Nimelaza mapipa miaka yote, Ade."

"Sasa hili nani alilisimamisha?"

"Daktari. Likilala bango halisomeki. Wageni wa kwanza walipokuja alitaka bango lisomeke." Akakung'uta kofia yake gotini. "Nilimwambia. Akasema, 'Masalu, ni siku mbili tu.' Sasa mimi fundi, nitamwambia daktari mara ngapi? Nikajua nyie wasomi mnayakausha kule ndani."

"Meupe hatukuyakausha."

Akasema mashine ile ya mpunga ndiyo wanayokobolea watu wa kwao, na mke wake akiwemo, wanakaa chini ya transfoma kivulini wakisubiri zamu. "Hayo meusi yakikaa mwaka, ule unga unabaki juu au unazama?" aliniuliza. Nikamwambia hakuna aliyepima. "Basi kamwambie mzee wako," alisema.

Kamwambie! Miezi mitatu nilikwenda na kurudi na Daktari katika gari lake, Kiseke mpaka Buswelu, nimekaa kiti cha mbele na sanduku la chupa za mafuta mapajani, na sikumwambia. Asubuhi nilisema, "Shikamoo Daktari," akasema, "Marahaba binti, umeamkaje," na hapo kabla sijafungua kinywa alikuwa amekwisha kuanza: wageni watakaokuja, hotuba atakayosoma, jinsi mafuta ya Mwanza yatakavyotajwa. Siku moja nilijikaza. Nikasema, "Daktari, kuna kitu." Akasema, "Najua! Barua yako ya kazi. Nimeshaiandika, nimeisifu kazi yako mpaka nikaona aibu." Nikasema asante. Nikatazama dirishani, ziwa likaonekana kati ya mawe kisha likapotea. Nikifika nyumbani napakuliwa. Nikiingia chumbani nausikia ukuta. Nilianza kulala na mlango wazi, na Mama akadhani nasikia joto, akaninunulia feni. Nikawaza kutoroka, kweli kabisa, nikaandaa sanduku, kisha nikakumbuka ufunguo wa geti uko kwenye kanga ya mwanamke aliyeninunulia feni, nikatoa nguo zangu nikazitundika tena. Masalu aliacha kunitania. Wala hakuniuliza. Tulikula michembe kimya, na hilo nalo likawa jela.

Leo nina wanafunzi wangu, na ninapomwona mmoja ananijibu "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu" huku macho yanahama, nawaka. Namwambia sema, nani kakuziba mdomo? Kisha namkumbuka yule msichana wa kiti cha mbele na naona aibu. Hakuzibwa na mtu.

Wageni walifika Jumamosi, na sherehe ya Magu ilikuwa iwe Jumatatu. Walikuwa wawili: mama mmoja mhandisi kutoka Dar, mtu mzima, miwani shingoni, na mzee mmoja mpole aliyemwakilisha mfadhili. Jumapili baada ya ibada walikuja kula Kiseke. Mama alikuwa ameamka mapema kuliko jogoo. Kulikuwa na sangara wa nazi, ndizi, wali wa Magu, kuku, maharage, na maua ya plastiki aliyoyaosha kwa sabuni. Masalu naye alialikwa, akakaa mwisho wa meza na shati jeupe, kucha zake nyeusi kama siku zote. Daktari alikuwa anaongea. Sijapata kumwona na furaha namna ile. Alikuwa ananitaja mimi, "huyu mnayemwona hapa, huyu," na mhandisi alikuwa anatabasamu kwangu. Nikamtazama Masalu. Alikuwa anatazama sahani yake tupu. Kisha Daktari akapiga makofi na kusema, "Haya, chakula kisipoe. Ade, tuombee."

Nikasimama. Naapa sikuwa nimepanga. Nilianza kama siku zote, Baba wa mbinguni tunakushukuru kwa siku hii, kwa wageni uliowafikisha salama, kwa mikono ya Mama iliyotupikia. Macho yote yalikuwa yamefumbwa. Nikafumbua yangu nikamwona Daktari ametulia, mikono juu ya kitambaa cha meza, na nikatambua kwamba katika nyumba ile hapo ndipo mahali pekee ambapo ningeanza sentensi na kuimaliza. Nikasema, "Na utusamehe, Baba. Mafuta meupe yalikuwa na maji kwa sababu pipa lilisimamishwa. Meusi tuliyakausha, meupe hatukuyakausha. Nikiyakausha yote yanalingana. Nimelijua hili miezi mitatu na nimenyamaza. Usikubali yafungwe Magu juu ya watu kabla hayajapimwa upya. Ubariki chakula hiki. Kwa jina la Yesu, amina."

Masalu alisema Amina peke yake, kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo. Mama alichelewa kidogo, naye akasema. Daktari hakusema. Mhandisi alivaa miwani yake, akaniuliza swali moja tu, "Kuyakausha kwa saa ngapi?" nikamjibu, akaitikia kwa kichwa. Yule mzee mpole aliomba apewe chumvi. Tulikula. Sijui kama mnaweza kuamini, lakini tulikula mpaka matunda, Mama akituzungushia bakuli, na Daktari aliwahudumia wageni wake kwa mkono wake mwenyewe, mkono ukiwa umetulia kabisa, akieleza kuhusu migomba yake.

Yaliyofuata nayasema haraka kwa sababu yanajulikana. Safari ya Magu ilifutwa kwa simu. Mradi ulifungwa kabla ya mwaka kuisha, kwa barua fupi ya adabu. Kule chuoni habari ya sala ile ilifika kabla yetu, na walikuwa wakiiigiza kwenye kantini, mmoja akisimama kuomba, wengine wakifumba macho. Daktari alistaafu bila sherehe. Mimi shahada yangu niliipata, tena vizuri, kwa kuandika juu ya maji ndani ya mafuta, na barua ile ya kazi aliyokwisha kuiandika aliituma kama ilivyokuwa, hakubadilisha hata neno. Niliajiriwa kwa barua ile.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Jumatatu. Asubuhi nilipanda gari kama kawaida, nikasema shikamoo, akasema marahaba. Redio ilikuwa imezimwa. Tulipofika Buswelu alivua koti, akalilaza lile pipa yeye mwenyewe, Masalu akimkimbilia kumsaidia, akachota mafuta meupe, akayaweka tanurini pamoja na meusi. Tulisubiri saa zote zile katika chumba kimoja. Kisha akapima, yeye akipandisha umeme, mimi nikiandika, cheche sita za meupe na cheche sita za meusi. Hakupiga makofi. Alichukua karatasi mkononi mwangu, akasoma, akairudisha mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Ungeniambia ndani ya gari," alisema.

Niliifunika kalamu.

"Kila siku tulikuwa wawili tu, Ade. Kwenda na kurudi. Ungeniambia, ningegeuza gari pale pale."

"Nilikuogopa, Daktari."

Aligeuka kuangalia nyuma yake, hakika aligeuka, kana kwamba mlangoni kuna Daktari mwingine. "Mimi?" alisema. Akavuta kigoda akakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa mzee. "Mimi uliniogopa? Nimekukosea nini, mwanangu? Niambie tu nijue."

Nikasimama pale na kalamu mkononi. Alisubiri, na safari hii hakunikatiza, aliniachia muda wote niliotaka. Nilitafuta kosa moja la kumpa, hata dogo, apate cha kushika. Sikulipata.